Fataki: Kitu Kidogo Kiiamshacho Bunduki

MASOMO YA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA
Historia ya Vyombo na Kazi za Mikono

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika maneno haya ubaoni. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, kisha wayanakili katika daftari zao.

Mrao: utambi wa kuwashia baruti ya bunduki.
Gumegume: jiwe gumu litoalo cheche likigongwa na chuma cha pua.
Fataki: kikombe kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka ndani yake.
Mdeki: ufito wa kushindilia baruti na risasi katika mtutu.
Ganda: ala ya shaba nyeupe ibebayo fataki, baruti na risasi pamoja.
Fuawe: chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake.

SOMO

Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake.

Somo la leo limetokana na barua. Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni ameniandikia kwamba mjomba wake alihamia Marekani, na huko amejifunza kuwinda. Mjomba huyo hujaza risasi zake mwenyewe nyumbani, kwa kuwa sheria za mahali anapokaa zamruhusu. Sasa ataka kununua kifaa cha mkono cha kutilia fataki. Viko vya namna nyingi, naye hajui achague kipi. Mwanafunzi wetu ananiuliza: "Je, bwana, kitu kidogo kama hicho nacho kina historia?"

Ndiyo, kinayo. Tena ni historia iliyofika mpaka kwetu. Kabla sijamjibu yule mjomba, nitawaeleza fataki ilitoka wapi, ilifanya nini duniani, na ilifanya nini hapa Afrika. Kisha mtaona wenyewe ni kifaa gani cha kuchagua.

Nianze na babu yangu. Babu alikuwa na gobori, akilitumia kufukuza nguruwe shambani. Baruti aliiweka katika pembe iliyoning'inia ukutani, mahali pa wazi. Risasi alizitupa tu ndani ya kikapu. Lakini fataki alizitia katika kopo dogo la bati, na kopo akaliweka chini ya mto wake wa kulalia. Alizihesabu kama mtu ahesabuvyo fedha. Siku moja nilimwuliza sababu. Akanijibu, "Mjukuu wangu, risasi nikikosa nitatafuta kipande cha chuma. Mdeki ukivunjika nitachonga mwingine. Lakini hiki kidogo siwezi kukifanya. Kikiisha, bunduki ni rungu."

Liandikeni neno hilo katika daftari: Kikiisha, bunduki ni rungu. Ndilo somo letu la leo.

1. Majina manne ya bunduki

Lugha yetu ya Kiswahili imehifadhi historia hii vizuri. Wazee wa pwani walizipa bunduki majina kwa jinsi zinavyowashwa. Kwanza ilikuwako bunduki ya mrao. Mpigaji alishika utambi unaowaka, akaupeleka kwenye baruti. Mvua ikinyesha, utambi ulizimika. Usiku ukiingia, adui aliuona moto wake kutoka mbali.

Ya pili ilikuwa bunduki ya gumegume. Jiwe liligonga chuma, cheche zikaanguka katika kisahani chenye baruti kidogo, na moto ule ukapita katika tundu mpaka kwenye baruti kubwa iliyo ndani ya mtutu. Bunduki hii ilitawala vita vya Ulaya kwa muda wa miaka mia na zaidi. Uzuri wake ni kwamba jiwe hupatikana. Ubaya wake ni kwamba upepo hupeperusha baruti ya kisahani, na unyevu huiharibu.

Ya tatu ni bunduki ya fataki, na ya nne ni bunduki ya viasi, yaani ile itumiayo risasi iliyokamilika katika ganda lake. Mrao, gumegume, fataki, viasi. Mtu akiyajua majina hayo manne kwa mpango wake, ameijua safari ya bunduki.

2. Mchungaji na ndege wake

Fataki haikuanza kwa mfalme wala kwa jemadari. Ilianza kwa mchungaji wa kanisa. Jina lake ni Alexander Forsyth, wa Belhelvie katika nchi ya Scotland. Bwana huyu alipenda kuwinda ndege. Lakini alipofyatua bunduki yake ya gumegume, kisahani kilitoa mwako kwanza, na risasi ikafuata baada ya kitambo kidogo. Ndege waliuona mwako, wakaruka au wakazama majini, na risasi ikapita bure.

Wakati ule wataalamu walikwisha kujua kwamba ziko dawa zilipukazo kwa kugongwa tu, bila kuguswa na moto. Mwaka 1800 Edward Howard wa Uingereza alitangaza habari za dawa moja ya namna hiyo itokanayo na zebaki. Dawa hiyo ni kali sana. Howard mwenyewe ilimjeruhi. Hatutasema jinsi inavyofanywa, maana si kazi ya kujaribu.

Forsyth alifikiri hivi: badala ya cheche na kisahani, kwa nini nisitie chembe ya dawa ya kulipuka, nikaigonga kwa nyundo ya bunduki? Alifaulu, na tarehe 11 Aprili 1807 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Mtambo wake ulikuwa na kichupa kidogo kama cha marashi, na dawa ilitoka humo chembe chembe.

Ukitaka kuelewa jambo hili, chukua njiti ya kiberiti. Huna haja ya moto mwingine ili kuiwasha. Unaisugua tu, nayo huwaka yenyewe. Fataki ni ndugu wa njiti ya kiberiti, ila yenyewe hutaka kugongwa.

Baada ya Forsyth walikuja watu wengi walioitia dawa hiyo ndani ya kikombe kidogo cha shaba. Wengi walidai kuwa wa kwanza. Mmoja wao alikuwa mchoraji wa picha, Joshua Shaw, Mwingereza aliyehamia Philadelphia, Marekani, akapata hati yake huko mwaka 1822. Kikombe kile kilivikwa juu ya chuchu ya chuma iliyo nyuma ya mtutu. Nyundo ikishuka, fataki hulipuka, moto hupita katika chuchu, na baruti ya ndani huwaka mara moja.

3. Hesabu ya Woolwich

Jeshi la Uingereza halikuiamini fataki upesi. Mwaka 1834 majaribio yalifanywa Woolwich, karibu na London. Bunduki za gumegume na bunduki za fataki zilipigwa katika hali mbalimbali za hewa, mara 6,000 kwa kila aina. Bunduki za gumegume zilikataa kulia mara 922. Bunduki za fataki zilikataa mara 36 tu.

Fanyeni hesabu. Katika kila mara 100, gumegume ilikataa kama mara 15. Fataki haikufika hata mara moja. Fikiri mtu aliyesimama mbele ya chui, au mbele ya adui, na bunduki yake haiaminiki kila mara ya sita au ya saba. Basi katika miaka iliyofuata majeshi makubwa ya Ulaya na Marekani yakaacha gumegume na kuchukua fataki.

Lakini kila faida ina gharama yake. Askari wa gumegume aliweza kuokota jiwe njiani. Askari wa fataki alitegemea kiwanda. Tena fataki ni ndogo kama punje ya hindi, na yeye alipaswa kuishika kwa vidole viwili na kuivika juu ya chuchu, vidole vikitetemeka kwa baridi au kwa hofu. Zilianguka nyingi majanini. Ndipo mafundi wakabuni kijaluba cha shaba kilichotoa fataki moja moja na kuibana mahali pake. Hicho kijaluba ndicho babu wa kifaa anachotafuta mjomba wa mwanafunzi wetu. Twaona basi kwamba tangu mwanzo shida ilikuwa ile ile: kitu kidogo, kikali, nacho chataka mkono wenye utulivu.

4. Fataki yaingia ndani ya ganda

Hatua iliyofuata ilikuwa kuunganisha kila kitu pamoja. Fataki, baruti na risasi vikakaa katika ganda moja la shaba nyeupe. Mpigaji hakuhitaji tena pembe, wala mdeki, wala kijaluba. Alitia ganda nyuma ya mtutu, akafunga, akafyatua.

Mwaka 1866 watu wawili walipata hati za fataki za namna hii. Wa kwanza ni Hiram Berdan, Mmarekani. Wa pili ni Edward Boxer, afisa wa jeshi la Uingereza aliyefanya kazi Woolwich. Ili dawa ilipuke, yapasa ibanwe kati ya vyuma viwili, kama chuma kibanwavyo kati ya nyundo na fuawe. Berdan aliifanya fuawe iwe sehemu ya ganda, na moto ukapita katika matundu madogo pembeni mwake. Boxer aliitia fuawe ndani ya fataki yenyewe, na ganda likawa na tundu moja tu katikati.

Tofauti hiyo ni ndogo, lakini angalieni matokeo yake. Ganda la Boxer likiisha kutumika, unaingiza sindano ya chuma kwa ndani, inapita katika tundu la katikati na kuisukuma nje fataki iliyokufa. Ganda la Berdan halina tundu la katikati, na kuitoa fataki yake ni taabu. Kwa hiyo mtu anayejaza maganda nyumbani hupenda ya Boxer. Na jambo la kuchekesha ni hili: fataki ya Mwingereza ndiyo iliyoshika Marekani, na fataki ya Mmarekani ikaenea sana katika majeshi ya Ulaya.

Huko Marekani, katika miaka ya 1870, wawindaji walisafiri mbali katika nyika za magharibi wakiwinda baisani, yaani nyati wa huko. Duka lilikuwa mbali, na maganda yalikuwa ghali. Wakayaokota maganda yaliyotumika, wakayajaza upya jioni kando ya moto. Risasi waliyeyusha wenyewe na kuimimina katika kalibu. Baruti walinunua kwa kopo. Ganda moja lilitumika mara nyingi. Ila fataki ilikuwa mpya kila mara. Fataki ikiisha kulipuka haina maisha ya pili. Kazi yao ilikuwa na hasara yake: mamilioni ya baisani waliuawa, na mwishoni mwa miaka ya 1880 wakabaki wachache sana.

Kwa ajili ya watu kama hao viwanda vilitengeneza vifaa vya mkono mfano wa koleo. Kampuni ya Winchester iliviuza katika miaka ya 1870. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven, na koleo zake zikapata sifa. Koleo moja liliweza kutoa fataki ya zamani, kutia mpya na kubana risasi katika ganda. Mengine yalikuwa hata na kalibu mwishoni mwake. Mtu aliyatia mfukoni akaenda nayo.

5. Na sisi je?

Sasa turudi Afrika, maana katika miaka hiyo hiyo fataki na maganda viliamua mambo mengi huku.

Bunduki ziliingia kwetu kwa wingi kupitia Unguja na bandari za pwani. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwako Unguja alikadiria kwamba bunduki za kila aina kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia barani kutoka pwani hii kila mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu zilizoachwa na majeshi ya Ulaya. Ziliandamana na misafara ya pembe za ndovu, na pia ziliandamana na biashara mbaya ya watumwa. Kijiji kisicho na bunduki kilivamiwa na wenye nazo.

Mwaka 1890 wajumbe wa mataifa walikutana Brussels, nchini Ubelgiji, na tarehe 2 Julai walitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya mapatano hayo iliwekwa sheria ya silaha. Sheria hiyo ilihusu sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini ya ikweta mpaka digrii 22 kusini. Bunduki za kisasa na risasi za maganda zilizuiwa zisiuzwe kwa wenyeji. Bunduki zilizoweza kuruhusiwa ni za gumegume, zisizo na mikato ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida.

Kumbukeni sasa hesabu ya Woolwich. Mwafrika aliruhusiwa ile bunduki iliyokataa kulia mara 922 katika 6,000. Mataifa yaliyotia sahihi yalikwisha kuiacha zamani kwa sababu hiyo hiyo. Sitasema kwamba kuikomesha biashara ya watumwa halikuwa jambo jema. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini mwanafunzi wa historia hutazama mikono yote miwili ya anayempa kitu. Mkono mmoja ulizuia mtumwa asiuzwe. Mkono wa pili ulihakikisha kwamba anayekuja kutawala ana ganda, na anayetawaliwa ana jiwe.

Kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania Bara, wananchi walipoinuka katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 mpaka 1907, wengi walikuwa na mikuki na mishale, na baadhi walikuwa na magobori. Wajerumani na askari wao walikuwa na bunduki za maganda na bunduki za kumimina risasi mfululizo. Ushujaa ulikuwako. Maganda hayakuwako.

Kuna mtu mmoja wa Afrika ya Magharibi aliyeitambua siri hii mapema, naye ni Samori Touré. Alipigana na Wafaransa toka mwaka 1882 mpaka 1898. Samori hakuridhika kununua bunduki tu. Aliwakusanya wahunzi, akawapa bunduki za Kifaransa wazifungue, wazitazame na kuzifanyiza mfano wake. Walifaulu. Tena maganda yaliyotumika yaliokotwa, na wahunzi wale wakayajaza upya kwa mikono yao, kama walivyofanya wawindaji wa Marekani. Tofauti ni kwamba wawindaji wa Marekani waliweza kuagiza fataki kiwandani, lakini Samori alikuwa akipigana na wenye viwanda. Mikono ya wahunzi, hata ikiwa hodari namna gani, haikuweza kushindana na wingi wa mashine. Tarehe 29 Septemba 1898 alikamatwa, akapelekwa Gabon, akafa huko mwaka 1900. Wahunzi wake wanastahili kukumbukwa katika kila somo la ufundi wa Afrika.

6. Jibu la mjomba

Haya, sasa tuifungue ile barua. Mjomba achague kifaa gani?

Katika karne ya 20 kujaza risasi nyumbani kulienea Marekani kwa wawindaji na wapiga shabaha. Njia za kutia fataki zikawa tatu. Ya kwanza ni ya nyundo: ganda husimamishwa juu ya kifaa, na fataki hugongwagongwa taratibu mpaka iingie. Richard Lee wa Wisconsin alianza kuuza seti ndogo za namna hii mwaka 1958, na kwa bei yake nafuu ziliwavuta watu wengi. Ya pili ni mtambo mkubwa uliofungwa mezani wenye mpini mrefu. Ya tatu ni kifaa cha mkono: sahani ndogo ya kuwekea fataki, kishikio cha ganda, na mpini unaobanwa kwa vidole. Fataki huteremka moja, hukaa chini ya ganda, mkono hubana, nayo huingia.

Kwa nini wengi hupenda ya tatu? Kwa sababu mkono husikia. Mpini mrefu wa mezani una nguvu nyingi, na nguvu nyingi huficha habari. Vidole husikia fataki ikianza kuingia, husikia ikigusa mwisho wa kishimo chake, na hapo husimama. Kishimo kikiwa kimelegea, vidole huambiwa. Kukiwa na uchafu ndani, vidole huambiwa.

Na hilo si jambo dogo. Fataki yapasa iingie mpaka iwe chini kidogo ya usawa wa kitako cha ganda. Ikibaki juu, pigo la sindano huisukuma tu badala ya kuilipua, na bunduki hukataa. Vibaya zaidi, katika bunduki nyingine yaweza kulipuka wakati wa kufunga, kabla mtu hajafyatua. Ikishindiliwa kwa nguvu kupita kiasi, dawa ya ndani huvunjika. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi ningemwambia mjomba mambo manne.

La kwanza: chukua kifaa mkononi kabla hujalipa. Kibane mara kumi. Mpini ukikuumiza kidole mara ya kumi, utafanyaje mara ya mia? Kifaa cha mkono hupimwa na mkono wenyewe.

La pili: tazama sahani ya fataki. Fataki zikikaa pamoja, moja ikilipuka yaweza kuziamsha nyingine zote. Kifaa chema kina mfuniko, na kina kizuizi kati ya fataki inayobanwa na zile zinazongoja. Usikubali kifaa kisichokuwa na kinga hiyo.

La tatu: hakikisha kina vipande vya saizi mbili. Fataki za bunduki na bastola huwa ndogo, kama milimita 4.4 kwa upana, au kubwa, kama milimita 5.3. Na kishikio kilingane na ganda lako, kisiwe cha kulazimisha.

La nne si la kifaa, ni la mtu. Vaa miwani ya kukinga macho. Acha fataki katika sanduku lake la kiwandani mpaka saa ya kuzitumia, maana zimepangwa mbali mbali kwa makusudi. Usizimimine katika chupa. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Simama, utazame sababu. Na ukimaliza nawa mikono, maana dawa ya fataki nyingi za siku hizi ina madini ya risasi, nayo ni sumu. Haraka haraka haina baraka. Katika kazi hii haraka huweza kuondoa jicho.

Kisha ningemwongezea neno la tano, lile la babu yangu. Mwaka 2020 na miaka miwili hivi iliyofuata, fataki ziliadimika katika maduka ya Marekani. Watu walikuwa na vifaa vizuri, maganda yaliyosafishwa na risasi tayari, lakini kazi yao ikasimama kwa kukosa kitu kidogo kama punje ya dengu. Katika nchi yenye viwanda vikubwa kuliko vyote walivyovijua wahunzi wa Samori, mtu alikaa mezani pake akitazama makopo matupu. Kwa hiyo, mjomba, usitumie fedha zako zote kwa kifaa cha fahari. Nunua cha kadiri, chenye kinga, kinachoingia vizuri mkononi mwako. Maana kifaa chako hakifanyi fataki, chaitia tu.

Nanyi wanafunzi wangu, somo hili si ruhusa ya kwenda kujaribu. Katika nchi zetu silaha na risasi ni mambo ya sheria na leseni, na anayecheza na vitu hivyo bila ruhusa hujitia hatarini yeye na jirani zake. Ninachotaka mchukue ni hiki. Mkisikia kwamba taifa fulani lina silaha, au kwamba mtu fulani ana mashine, trekta au redio, ulizeni: ni kipi kile kidogo ambacho hawezi kukifanya mwenyewe? Nani anamwuzia? Na siku akikataa kuuza, itakuwaje? Babu yangu hakusoma shule, lakini swali hilo alilijua, na jibu lake alililalia kila usiku chini ya mto.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI

Jibuni kwa sentensi kamili katika daftari zenu.

1. Taja majina manne ya bunduki kwa mpango wake, na ueleze kila moja iliwashwaje.
2. Alexander Forsyth alikuwa na shida gani alipokuwa akiwinda ndege?
3. Katika majaribio ya Woolwich ya mwaka 1834, gumegume ilikataa mara ngapi zaidi ya fataki? Onyesha hesabu yako.
4. Kwa nini ganda la Boxer ni rahisi kujazwa upya kuliko la Berdan?
5. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yaliruhusu bunduki za namna gani? Wewe waonaje sababu yake?
6. Wahunzi wa Samori Touré na wawindaji wa Marekani walifanana katika nini, na walitofautiana katika nini?
7. Mwalimu amesema "mkono husikia." Eleza maana yake, kisha utaje kazi nyingine ya mikono ambayo mkono husikia kile ambacho jicho halioni.

Kazi ya kuandika: Chagua chombo kimoja kilichoko nyumbani kwako, kama cherehani, baiskeli au taa. Andika mistari kumi ueleze ni sehemu gani ndogo ambayo, ikikosekana, chombo chote hakifai kitu, na sehemu hiyo hutoka wapi.